Tenga la Watoto wa Duma

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, duma mnamjua kwa picha za kalenda. Mimi nilimjua uani kwangu Kariakoo, ndani ya tenga la kuku, miaka ile ya foleni za sukari. Shule sikukaa sana, basi nitasema nilichokiona.

Nilikuwa na mpangaji, dereva wa lori la bara. Nyumba zetu zile, mzigo wa mpangaji haufunguliwi na mwingine. Siku moja aliingia na tenga lililofunikwa gunia, ndani kunalia kama vifaranga. Tukafurahi, maana kuku walikuwa adimu. Mpangaji mwingine, mama wa Kusini aliyekuwa akichoma vitumbua, akawamwagia chenga za mchele. Ukatoka mkono mdogo wenye madoa, ukaishika kanga yake. Akaruka nyuma.

"Shemeji, kuku wako wana makucha. Mayai yao utakula mwenyewe."

Tulicheka, lakini kicheko hakikukaa. Walikuwa watoto watatu wa duma. Dereva akasema kuna mtu atawachukua awapeleke melini, ng'ambo matajiri wanawafuga. Nikamuuliza mama yao yuko wapi. Akanionyesha kwa kidevu gunia jingine, lililokunjwa chini ya kitanda chake. Mkia wenye madoa ulikuwa umechomoza mdomoni mwa gunia.

Yule mtu hakutokea. Mmoja akafa asubuhi, wa pili magharibi. Mama wa Kusini akampakata aliyebaki, akamnywesha uji wa mchele kwa kijiko, kama tunavyowafanyia watoto tukiwaachisha ziwa. Akatapika wote. Nikakata nyama ya mchuzi wetu, nikaitwanga kinuni, nikamlambisha kwa kidole. Akala kidogo. Nilitaka aishi yule, siwafichi. Nilikuwa naamka kusikiliza kama bado analia.

Dereva yeye hakuwa na habari. Alikuwa anafunga kamba za viatu, anajiandaa kusafiri tena.

"Nitaleta wengine," akasema. "Ila siku hizi ni kazi. Zamani walikuwa wanalala kando ya barabara, unawapita tu. Safari hii tumezunguka mpaka mafuta yanataka kuisha, tukampata huyo mama mmoja."

"Na ukimmaliza wa mwisho?"

"Mama mwenye nyumba, pori haliishi."

"Umeniambia mwenyewe umezunguka ukampata mmoja tu."

Akacheka, akabeba tenga tupu, akatoka. Tukasikia lori linawaka, linaondoka kwenda kutafuta waliobaki.

Alasiri mtoto akaacha kulia. Akawa anafungua mdomo tu, sauti haitoki. Alikufa mapajani mwa mama wa Kusini, vitumbua vinaungua hakuna anayevigeuza. Uani pakawa kimya, na kimya kile sikukipenda, kwa sababu nilijua lori liko njiani.

Nikawaita wote, wapangaji na wanangu. Nikasema, "Vyombo vya dereva vitoeni barazani sasa hivi. Akirudi na tenga, mtu yeyote asimfungulie mlango."