Kiti cha Wastani

Dismasi alikuwa dereva mfupi, na hilo halikumsumbua mtu mpaka kijiji cha ujamaa cha Simbo kilipopewa gari moja na madereva wawili. Mwenzake, Gervasi, alikuwa mrefu wa kuinama kila mlangoni. Ikifika zamu yake, Dismasi alivuta kiti mbele mpaka mguu ukandamize klachi hadi chini huku goti bado limekunjika kidogo, akaegemea vizuri, ndipo akawasha. Gervasi naye akija alikisukuma nyuma, magoti yasigonge usukani akikata kona.

Mtindo huo ulimkera mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marselino. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli, lakini alikuwa amehudhuria semina. Akaitisha kikao, akasema mali ya umma haiwezi kuvutwa huku na huku kwa matakwa ya mtu mmoja mmoja. Huo ni ubinafsi, na ubinafsi ndio mlango wa ubepari. Watu wakapiga makofi. Ikaamuliwa kiti kikae katikati daima, na gari likapelekwa Gungu kwa fundi, kiti kikachomelewa.

Dismasi hakutaka kupoteza kazi. Udereva ndio uliomtoa kwenye shamba la pamoja la mihogo. Ndio uliofanya mama yake aitwe Mama Dereva hata na watu waliokuwa hawamsalimii. Akashona mto wa sufi wa kuweka mgongoni, umsogeze mbele. Mwenyekiti akauchukua, akasema mto ni anasa, akaenda kuulalia mwenyewe. Tangu hapo Dismasi aliendesha amekalia ukingo wa kiti, amening'inia kwenye usukani, vidole vya mguu vikiitafuta breki. Aliogopa kila siku, na kila siku alirudi akitabasamu.

Asubuhi moja mwenyekiti akapanda mbele, aende Ujiji kuhutubia juu ya mafanikio ya usawa. Akamsalimu dereva kwa Kiha.

"Mwakeye, Dismasi. Leo tutakwenda taratibu."

"Mwakeye, Mzee. Nitajitahidi."

Kwenye mteremko ng'ombe akakatiza barabara. Dismasi akanyoosha mguu. Breki ikashuka nusu, na mguu ukaishia hapo.

"Mzee," alisema kwa adabu, "nikiona mbele sifiki kwenye breki, nikifika sioni. Nishikie usukani."

Akateleza chini, akaikanyaga breki kwa mguu mzima. Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza maishani, akaushika usukani, akafumba macho. Gari likaacha barabara, likasimama katikati ya migomba. Hakuumia mtu, hata ng'ombe.

Kikao kikaitishwa tena. Dismasi akajikaza, akaomba kiti kifunguliwe. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kiti hakina kosa. Kosa ni miguu. Mmoja anayo mifupi, mwingine mirefu, wote wamekwenda kinyume na uamuzi wa kikao. Madereva wote wawili wakapewa majembe. Dismasi alilia mbele za watu, wala hakujali.

Akatafutwa dereva wa kimo cha wastani, akapatikana Anatoli, mpwa wa mwenyekiti. Akakalishwa garini mbele ya kamati nzima. Mgongo uliegemea, magoti hayakugonga popote, mikono ilifika bila taabu. Wajumbe wakapeana mikono, wakampa ufunguo.

Anatoli akawashukuru, kisha akauliza breki ni ipi.