Glavu za Fundi wa Mvuke

Katika kila dansi nyumbani kwa Bibi Hathersage, fundi wa mvuke alisimama kando ya kinanda cha mitambo, akikipapasa kwa glavu nyeupe kana kwamba anambembeleza mtoto. Lavinia, ambaye mama yake alitaka kumwoza kwa mnyonya damu mzee, alimwomba fundi huyo kila mara wacheze. Naye kwa sauti nzito ya upole alijibu, “Samahani, bibie, mikono yangu haifai.”

Jioni moja bomba la mvuke la kinanda liliziba, fundi akavua glavu alizibue. Mikononi mwake yakaonekana manyoya ya mbwa-mwitu, ya kijivu, laini kama ukungu.

“Usitazame, mwanangu!” mama alifoka. “Bwana asiye na glavu hashikwi mkono!”

“Basi nishikie zangu, mama,” akasema Lavinia, akizivua.

Kinanda kikaimba. Fundi aliinama kwa adabu, na pindo za koti lake zikatikiswa na mkia uliokataa kuficha furaha.