Reli ya Baba Uani

Rafiki yangu, wiki iliyopita mwalimu wa binti yangu aliagiza watoto watengeneze mfano wa reli kwa katoni na gundi. Na unazijua kazi za shule za siku hizi: mtoto hutazama, mzazi ndiye hukata. Nilipoanza kukata, mikono ikajua la kufanya kabla sijafikiria. Niliweka makasi chini nikalia, na binti akadhani nimejikata.

Sisi tulikaa nyumba za reli hapa Eldoret, chumba kimoja na jikoni ya nje yenye moshi. Baba alifanya kazi stesheni. Yeye ndiye aliyeruhusu treni kuondoka. Treni zikapungua, kisha kazi ikaisha, na wote tukaambiwa tuhame. Majirani walienda mmoja mmoja, magodoro juu ya mikokoteni. Baba hakutafuta nyumba wala kibarua. Alichuchumaa uani akaanza kujenga reli.

Wacha nikwambie, ilikuwa maridadi! Waya ulinyooshwa ukawa reli, vijiti vya kiberiti vikalazwa chini yake. Mikebe ya maziwa ikawa mabehewa na maghala ya mahindi, na pembeni palikuwa na kiwanda cha mbao chenye maranda ya kweli, yananukia. Mimi ndiye niliyetumwa maranda. Nilifurahi baba kushinda nyumbani, mtoto anajua nini? Mama alirudi kutoka kuuza maziwa akakuta mahindi ya githeri yamepakiwa kwa mabehewa.

"Woi! Watoto wale nini, Mzee?"

"Ngoja, watatuita tu kazini."

"Maji yakimwagika hayazoleki," mama alisema, kila jioni, akikoroga sufuria kwa hasira.

Siku ya mwisho mjomba alikuja na trekta atupeleke kwake Cheptiret. Vyombo vikapakiwa, askari wa kufunga milango akasimama akingoja. Baba hakunyanyuka. Mjomba alimbembeleza, akamfokea, wapi! Niliogopa sana. Niliona kabisa tutamwacha pale chini na mikebe yake.

Sasa, zamani dereva hakuondoa treni mpaka apokee pete kubwa ya chuma, ishara kwamba stesheni ya mbele iko tayari kumpokea. Baba alifuata sheria hiyo hata na treni zake za mikebe. Basi mama, aliyeikasirikia reli ile tangu mwanzo, akakunja waya ukawa duara, akanyoosha mkono vile watu wa stesheni walivyofanya.

"Mzee, laini iko wazi," akasema. "Huko mbele wako tayari."

Baba alinyanyuka. Akaipokea pete ile ya waya, akaivaa begani, akapanda trekta. Mjomba alicheka. Mama hakucheka.

Cheptiret baba alilima shamba la mjomba kwa jembe la mjomba. Mikono ile haikujenga kitu kingine mpaka tukamzika. Nyumba za reli zimebomolewa, na binti yangu hajawahi kusikia treni ikipiga honi hapa mjini.

Jumapili nilimsimulia mama habari za katoni. Alikuwa anachambua maharagwe, na mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Nilimwambia huko mbele wako tayari kumpokea," alisema. "Nani alikuwa tayari?"