Fundi wa Mageti Aliyeacha Kufumba Macho

Jua la asubuhi limeshaanza kuchemsha mabati ya karakana, na Mama Cheche amepiga goti mbele ya geti ambalo bado ni mifupa mitupu. Mkono wa kushoto umeshikilia nondo, wa kulia umeshika koleo la kuchomelea. Anainamisha kichwa ghafla, kama mtu anayeitikia salamu, na kinga nyeusi inamwangukia usoni. Cheche zinaruka. Anaiinua, anakagua, anainamisha tena.

"Fundi leo anakubali kila kitu," anatania mteja aliyekuja kuulizia kazi yake.

"Nakubali vyote isipokuwa kupunguziwa bei," anajibu bila kugeuka.

Aliianza kazi hii ya kuunganisha vyuma miaka tisa iliyopita, mwanamke pekee katika karakana nzima, na jina la Mama Cheche alipewa hapo hapo. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye, mama yake mzazi na binti yake wa miaka minne. Akiinua kinga, unaona mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Yamefifia, lakini yapo. Paji la uso ni safi kabisa, na tofauti hiyo ndiyo iliyombadilishia maisha.

Mabaka yalianza akiwa na mimba ya binti huyo. Mama yake alimtuliza: mambo ya mimba hayo, ukijifungua yataondoka. Mtoto akatoka, mabaka yakabaki.

Mtaani hawakungoja maelezo. Wakasema anajichubua, mkorogo umemgeuka. Na huyu ni mtu ambaye usoni hajawahi kupaka zaidi ya mafuta ya mgando!

"Ningekuwa nimejichubua, ningesema navuna nilichopanda," anasema. "Lakini hili shamba si langu, mbona navunishwa mimi?"

Maneno ya majirani aliyamudu. Kilichomchoma ni cha nyumbani. Jioni moja binti yake alimjia na kitambaa kibichi, akampandia mapajani na kumwambia, "Mama tulia, nikufute masizi." Akafuta, akafuta, mpaka shavu likauma.

"Nikamwacha tu," anasema Mama Cheche. "Ningemwambia nini, kwamba mama yako ndivyo alivyo?"

Siku chache baadaye, muuza vipodozi wa ng'ambo ya barabara alimwita dukani na kumwekea mkononi kikopo kisicho na maandishi. "Dada yangu, wiki mbili tu, hutakuwa na hata doa." Mama Cheche alikishika kikopo. Anakiri alikitamani. Kisha akaiangalia mikono ya mwenye duka: uso wa mama huyo ulikuwa mweupe, lakini vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kama vya mtu mwingine. Akakirudisha.

"Chuma napima mara mbili kabla sijakikata. Uso niukate bila kupima?"

Akaenda hospitali. Daktari wa ngozi, mwanamke mpole asiyependa kuharakishwa, alimwambia ugonjwa huo huitwa melasma. Huletwa na mimba, jua na mengineyo, na hauhusiani na uchafu wala tabia. Akamwandikia krimu kali isiyouzwa bila cheti cha daktari. Tyubu moja ilikuwa bei ya ufundi wa madirisha mawili.

Masharti yalikuwa mengi kuliko ya mkwe. Apake usiku, kidogo, kwenye mabaka tu. Mchana apake krimu ya kuzuia jua. Asimpe mtu, na isizidi miezi mitatu.

"Hii ni dawa, si kipodozi," daktari alimwonya. "Ukiizoea, itakugeuka kama huo mkorogo unaousikia."

Alitii yote. Mwezi wa pili ulipokwisha, paji la uso lilikuwa limetakata. Mashavu, wapi! Yalikuwa yamekolea zaidi. Daktari akaligeuza geuza lile shavu kwenye mwanga.

"Umebakiwa na mwezi mmoja tu wa dawa hii," alisema. "Tukishindwa, lazima tusimamishe. Labda mama ufikirie kazi nyingine."

"Daktari, kazi hii ndiyo mume wangu," Mama Cheche alimjibu. "Tena huyu halali nje."

Daktari alicheka, halafu akamuuliza, "Basi niambie, mashavu yanapata nini ambacho paji la uso halipati?"

Swali hilo alirudi nalo karakanani. Jibu lilimkuta amepiga goti mbele ya dirisha, nondo mkononi.

Kabla ya kuunganisha chuma moja kwa moja, fundi hukishikiza kwanza kwa nukta ndogo za moto, na geti moja hutaka nukta kama mia. Kinga yao ilikuwa ya kushika mkononi. Mkono mmoja una koleo, mwingine una nondo. Kinga nani ataishika? Ndipo mafundi wote pale hufumba macho. Fundi mkuu humfundisha kila anayeingia wimbo mmoja: "Fumba, gusa, fumbua."

Mama Cheche alikuwa ameuimba miaka yote. Macho yalipona. Paji la uso lilikuwa limefunikwa na kilemba anachokishusha hadi kwenye nyusi. Mashavu yalikuwa wazi.

"Moto huo una miale kama ya jua," daktari alimthibitishia alipomrudia na jibu hilo. "Macho yana kope za kuyafunika. Mashavu hayana."

Hakupoteza muda. Alichukua kofia ngumu ya zamani, boliti mbili na kioo cheusi cha kinga yake, akaunda kinga ya kichwani inayoshuka kwa kuinamisha kichwa. Fundi mkuu alinung'unika kwamba kazi itachelewa. Geti la kwanza lilipinda, na shingo ikamkaza hata kusalimia ikawa kazi. Akalikata geti, akaanza upya.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," anasema. "Mimi nainama mara mia kwa siku."

Miezi mitatu ilipotimia, daktari alisimamisha ile krimu kali, akampa nyepesi zaidi. Mabaka yalikuwa yamefifia, ingawa aliambiwa yanaweza kurudi. "Yakirudi yatanikuta kazini," anasema.

Wiki iliyopita fundi mkuu alimjia taratibu, kofia ngumu kwapani. "Mama, nami nitengenezee. Macho yangu siku hizi yanawasha." Mama Cheche anapanga kuwaundia mafundi wote wa mtaa ule, na kumpokea mwanamke yeyote atakayetaka kujifunza. Wimbo wa zamani hataufundisha.

Jioni, nyumbani, binti yake anamjia tena na kitambaa kibichi. Safari hii masizi ni masizi kweli.

"Mama, fumba macho nikufute."

Mama Cheche anafumba. "Hapa tu," anasema, uso ukimtiririka maji. "Kazini sifumbi tena."