Miti Iliyokufa Kwenye Kompyuta

Walimwita Kitufe, naye jina hilo hakulipenda. Lilimganda tangu kikao kimoja aliposimama mbele ya watu wote wa taasisi ya utafiti wa misitu akauliza, "Kwani hii programu haiwezi kuwekewa kitufe kimoja, mtu akabonyeza, basi?" Wataalamu wa hali ya hewa walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Yeye hakuwa anatania.

Kabla ya kuwa mtu wa kompyuta alikuwa mtu wa porini. Miaka saba alipima vigogo kwa utepe na kujaza madaftari, mpaka goti la kushoto likaikataa milima. Taasisi ikampeleka kozi ya kuandika programu, kisha ikamrudisha kwenye chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha lisilofunguka. Barua ilisema kazi yake ni kuwasaidia wanaikolojia kutumia modeli.

Modeli yenyewe ilikuwa programu kubwa ya kukadiria uoto. Unaipa mvua, joto, udongo na aina za miti, nayo inakwambia msitu utakuwaje miaka thelathini au mia ijayo. Jambo la maana, hilo Kitufe hakulikana. Lakini ili ikukubali ilibidi uandike faili la mistari mia nne na ushee, kisha uliingize kwenye skrini nyeusi. Ukizidisha nafasi moja, inagoma. Ukiweka mkato penye nukta, inagoma. Na ikigoma haisemi umekosea wapi. Inaandika "Kosa 47" na kunyamaza kama mtu aliyesusa. Kitufe alilitafuta kosa hilo kwenye mwongozo wa kurasa mia mbili. Orodha ya makosa iliishia arobaini na tano.

Kila Jumatatu wanaikolojia walijaa mlangoni kwake, watu wazima wanaoweza kukutajia mti kwa harufu ya gome lake, wameshika kompyuta zao kama wagonjwa walioshika vyeti. Anawasahihishia nukta, wanaondoka. Jumatatu inayofuata wamerudi na nukta nyingine. Mwishowe akapanda kwa mkuu wa modeli, mtu mrefu waliyemwita Bwana Mawingu, akamwambia anataka kutengeneza ukurasa wenye ramani na visanduku vya kujaza kwa lugha ya kawaida.

"Dada, ukiwarahisishia hivyo watabonyeza bila kufikiri," alisema Bwana Mawingu.

"Sasa hivi wanafikiri nini, kaka? Wanafikiria nafasi na nukta."

"Mimi nilijifunza kwa taabu. Na wao wajifunze."

Kitufe alishuka ngazi akiuma meno. Akaanza kazi bila baraka za mtu. Ilimchukua miezi minane, kwa sababu kila alipoelewa kipande kimoja cha programu ile, wale wataalamu wa hali ya hewa wa ghorofa ya juu walikibadilisha bila kumwambia. Nyumbani alikuwa akipika huku anabishana peke yake. Mumewe, fundi wa friji, alimtazama siku moja akasema, "Mke wangu, tangu uanze hiyo kazi unagombana na hewa."

"Sigombani na hewa. Nagombana na watu wa hewa."

Siku ya majaribio alimwalika Mama Majani, mtaalamu wa mimea aliyebakiza miezi mitatu astaafu. Mama huyu alikuwa amechimba mashimo na kuhesabu miti ya bonde moja kwa miaka ishirini, na kompyuta aliiona kama jirani mbea. Bwana Mawingu naye alikuja bila kualikwa, akasimama ukutani amekunja mikono.

"Shikamoo, mama. Leo mimi sigusi kitu," Kitufe alisema. "Nataka nione unapokwama."

"Marahaba, mwanangu. Utaona mengi."

Aliyaona kweli. Mama Majani alibonyeza ramani kwa kidole, na skrini haikuwa ya kuguswa. Alipopewa kipanya alilalamika kwamba kinateleza. Alisoma kila kisanduku kwa sauti, akauliza kwa nini kimeandikwa hivyo, akavua miwani, akaifuta, akaanza upya. Kitufe alikalia mikono yake isije ikamponyoka. Dakika arobaini zilipita. Hatimaye mama akabonyeza, na baada ya muda mchoro ukatokea: mstari wa kijani uliopanda kidogo, kisha ukaanguka chini kama jiwe.

"Hii ni nini?"

"Ni miti yako, mama. Mwaka wa tatu imekufa yote."

"Yote?" Mama Majani aligeuka na kiti chake. "Mwaka wa ukame mkubwa nilikuwa pale bondeni. Nyasi zilikauka zikawa karatasi. Miti haikudondosha jani."

"Basi vipimo vyako vina kasoro," Bwana Mawingu alisema kutoka ukutani.

"Vipimo vyangu?" Sauti ilipanda. "Mizizi ya pale inashuka mita tano, nimeifuata kwa sururu! Hebu niambie, humu mmeweka udongo wa kina gani? Mbona sijaulizwa?"

Kitufe alifungua mdomo kujibu, akagundua hajui. Akalifungua lile faili refu, akateremka mpaka mstari wa mia tatu na kumi na mbili. Kina cha udongo: nusu mita, kwa nchi nzima. Pembeni mtu alikuwa ameandika, "Ya muda tu, nitarekebisha." Tarehe ilikuwa ya miaka tisa nyuma.

"Nani aliandika hii?" aliuliza.

Bwana Mawingu alikunjua mikono. "Mimi. Kulikuwa na mkutano, nilikuwa na haraka. Halafu nikasahau."

"Miaka tisa, kaka!"

Alitamani kupiga meza. Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aliupita mstari ule mara mia, akaamua ni mambo ya wakubwa, akauacha nje ya ukurasa wake. Alikuwa ameifanya programu iwe rahisi kwa kuficha mahali palepale penye ugonjwa.

Hapo ikakumbukwa ripoti iliyoandikwa kwa hesabu za modeli hiyohiyo. Ilikuwa mezani kwa mkurugenzi, tayari kupelekwa serikalini, na ramani yake ilionyesha bonde la Mama Majani likiwa nyasi tupu. Kitufe na Bwana Mawingu walipanda pamoja. Njia nzima Kitufe alijiandaa kusukumiwa lawama, ila mlangoni yule mrefu alitangulia akasema, "Mkurugenzi, tuizuie. Kosa ni langu." Maneno aliyokuwa ameyapanga Kitufe hayakuwa na kazi tena, na hilo nalo lilimuudhi.

Walirudia hesabu kwa wiki tatu, safari hii wakitumia vina vya udongo vilivyokuwa vimelala kwenye madaftari ya wanaikolojia. Miti ya bonde ikabaki imesimama. Kilima kimoja cha jirani kilikauka vilevile, na Mama Majani alipokiona alitikisa kichwa taratibu. "Hicho nakiamini. Pale mwamba uko karibu."

Kisanduku cha udongo kiliwekwa juu kabisa ya ukurasa. Jina la Kitufe liliingia kwenye ripoti, ukurasa wa mwisho, herufi mbili zimekosewa. Siku hizi watu wanaotumia ukurasa wake ni wengi, na kila mmoja ana lalamiko: ramani ndogo, rangi hafifu, mbona hakuna mti fulani. Bwana Mawingu ndiye msumbufu kuliko wote. Anataka visanduku viongezwe, kumi kwa mpigo.

Na Mama Majani amestaafu, lakini hajapumzika. Hupiga simu wakati wa chakula cha mchana, bila salamu ndefu.

"Mwanangu, hii mvua ya mwezi wa nne mmeitoa wapi? Haiwezekani!"

Kitufe huvuta pumzi, husogeza sahani kando, na kufungua kompyuta. Mara nyingi mama huwa amekosea. Jumanne iliyopita alikuwa sahihi.