Siku Mama Alipoleta Vitabu Vyangu Shuleni

Enzi zetu kule Kwa Vonza, nanyi mliokulia pande zile miaka ya sabini mtanishuhudia, kitabu hakikuwa kitu cha kukaa nyumbani. Kitabu kilikaa shuleni, ndani ya kabati lenye kufuli. Asubuhi kilitoka, tukakisoma watatu watatu vichwa vikigongana, na jioni kikahesabiwa na kurudishwa kama mbuzi zizini. Nyumbani kwetu kulikuwa na Biblia ya Kikamba na kitabu cha nyimbo za kanisani. Hivyo viwili vilikuwa vya Mungu, na ole wako uvishike kwa mikono uliyolia nyama.

Si kwamba tulikosa la kufanya. Tulichimba mchanga mtoni mpaka maji yatoke, tukayachota kwa kata kidogokidogo, punda akitungoja kwa uvumilivu ambao sijauona tena kwa kiumbe yeyote. Tuliruka kamba ya mkonge mpaka miguu ikawa na alama. Tulitwanga muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na harufu ya maganda yake mabichi ikikujia leo utajikuta umesimama katikati ya njia. Kijana wa siku hizi akikosa mtandao nusu saa anaona dunia imekwisha. Sisi tulipoteza mbuzi, na kilio hakikuanza mpaka baba asikie.

Baba yangu alifanya kazi Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, akiziba magurudumu ya malori. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi na sukari na sabuni, vyote vimefungwa kwa magazeti. Mwezi mmoja akaja pia na daftari lenye jalada gumu. Alikuwa ameziba gurudumu la bwana mmoja mwalimu, na wakati wa kungoja gundi ikauke yule bwana akamsimulia kwamba kwake kila mtoto ana daftari la vitabu alivyosoma. Baba akaona na mimi nisiachwe nyuma.

"Mumbua," aliniambia, "kila ukisoma kitabu, andika jina lake hapa. Kando yake andika umemsomea nani hapa nyumbani. Na hapa mwisho, andika huyo mtu alisema nini. Usije ukasoma peke yako ukanyamaza. Kwani wewe ni mchawi?"

Nilikuwa darasa la sita. Nililipenda lile daftari kuliko rinda langu la Krismasi. Nililipigia mistari kwa kipande cha ubao, nikaandika jina langu juu, kisha nikakaa nikiangalia nafasi tupu. Vitabu vyenyewe vilikuwa wapi? Baba alishasahau jambo hilo dogo na kurudi Kambu.

Basi nikaanza kuandika nilichokipata. Niliandika kopo la mafuta ya kupikia, kwa sababu lilikuwa na maneno pande zote, na nililisoma lote kuanzia kwenye mfuniko. Niliandika paketi ya mbegu za mahindi, dawa ya kuua kupe, kalenda ya duka la sokoni, na vile vipande vya magazeti vilivyofungia sabuni, ambavyo habari zake zilikatikia mahali patamu. Jumapili baada ya ibada tulikaa jikoni, mama akisokota nyuzi za mkonge pajani kwa ajili ya vyondo vyake, vile vikapu vya kusuka alivyouza sokoni, na Susu, mama yake baba, akichambua mbaazi kwenye ungo. Mimi nikawasomea, nikitafsiri Kikamba nilipoona wamepotea.

Walisikiliza, jamani! Sijapata tena wasikilizaji kama wale. Niliposoma kwamba kila shimo lipandwe mbegu mbili, Susu aliinua uso akauliza, "Na panya atakula nini?" Nikaandika kwenye safu ya tatu: Susu anauliza habari ya panya. Dawa ya kupe iliposema ikae mbali na watoto, mama alisema aliyeandika hayo lazima ni mzazi. Habari ya gazeti ilipokatika katikati, kuhusu mtu aliyeingia kisimani kumwokoa ng'ombe, walibishana wiki nzima kama alitoka. Susu alisema alitoka. Mama alisema mtu wa namna hiyo hatoki. Yote niliyaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa.

Sasa, shuleni kwetu alikuwapo Mwalimu Athumani. Alikuwa mtu wa Pwani, familia yake ilikuwa na duka mjini Kitui, na Kiswahili chake kilitiririka mpaka sisi wa Kiswahili cha kuokoteza tukaona haya kufungua midomo. Asubuhi moja akauliza, "Ni nani kati yenu husoma nyumbani?"

Mkono ulioinuka ulikuwa wangu tu.

"Husoma nini?"

"Vitabu vingi, Mwalimu. Niko na daftari."

Nilikuwa nalo mkobani. Nilikwenda mbele nikampa kwa mikono miwili, nikarudi kukaa, na nakumbuka kabisa kwamba nilikuwa nikitabasamu. Akafungua ukurasa wa kwanza akasoma kwa sauti ile yake nzuri: "Jina la kitabu: Kopo la Mafuta. Limesomewa: Mama na Susu."

 Kisha mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua, na darasa zima likapasuka. Mwalimu aliendelea, nadhani mwanzoni alitaka kuelewa tu, lakini alipofika kwa Susu na panya wake yeye pia alishindwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilitazama mbao za dawati. Masikio yalikuwa yakiwaka moto, na machozi nikayazuia kwa kuuma mdomo, maana kulia kungekuwa kuwaongezea kitoweo. Hata ule wakati wa mapumziko haukuwa umefika na tayari nilikuwa na jina jipya. Mkebe. Nilikuwa Mkebe njiani, Mkebe kisimani, Mkebe hata kwenye kwaya ya kanisa.

Jumapili iliyofuata nilikataa kusoma. Mama alingoja, akasokota uzi, akangoja tena.

"Daftari limekwisha?"

"Hapana, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama.

"Basi ni nini?"

Sikuweza kumwambia kwamba alichekwa yeye, na Susu, na jiko letu lote. Nikasema neno lililokuwa karibu: "Mwalimu haamini nimesoma vile vitu."

Mama alinitazama, kisha akarudi kwenye uzi wake. 

Muhula ulipofungwa ikawa siku ya wazazi. Wazazi waliketi kwenye madawati uwanjani, wanaume upande huu, akina mama upande ule, na kwa kuwa kulikuwa na wageni mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Mama alikuja na kiondo chake kikubwa, kimejaa, nami nikadhani anapitia sokoni. Mwalimu mkuu alipouliza kama kuna mzazi mwenye neno, nilimwona mama akisimama. Mama yangu, ambaye hata kanisani hakusimama kutoa ushuhuda.

"Mimi ni mama ya Mumbua," alisema. "Kiswahili yangu ni kidogo, mtanisamehe. Nimesikia ati mwalimu anakataa huyu mtoto amesoma. Mimi sijui kusoma. Lakini masikio iko. Nimeleta vitabu zote mwalimu aangalie mwenyewe."

Akaanza kuvitoa. Lile kopo la mafuta, limesuguliwa kwa majivu likang'aa. Paketi ya mbegu. Kalenda, ameikunja vizuri. Chupa ya dawa ya kupe. Vile vipande vya magazeti. Alivipanga juu ya meza ya wageni kimoja baada ya kingine, akieleza: "Hii alisomea mimi. Hii alisomea mama ya bwana yangu. Hii ya ng'ombe tulisikia sisi wote."

Msiniulize kicheko kile kilikuwaje. Walicheka watoto, wakacheka wazazi, mgeni mmoja alijifanya anakohoa. Mimi nilikuwa nimesimama na kwaya mbele ya watu wote, sina pa kujificha. Niliomba ardhi ipasuke. Nilitazama viatu vya mama, vile vya raba ya gurudumu alivyokatiwa na baba, na vumbi la safari kwenye vifundo vyake, nikatamani awe mama wa mtu mwingine. Naye alisimama tu pale, mikono ameifumbata tumboni, akimtazama Mwalimu Athumani.

Mwalimu alisimama polepole. Hakuwa akicheka. Aliliinua lile kopo, akaligeuza, akaliweka chini.

"Mama yangu, amesoma," alisema. "Nimeamini."

"Haya. Asante," mama akasema, akaanza kurudisha vitu vyake kiondoni.

Watu walipotawanyika mwalimu alituita ofisini. Akamwomba mama msamaha, jambo ambalo enzi hizo mwalimu hakumfanyia mzazi, na sisi wote watatu hatukujua tutazame wapi. Kisha akafungua lile kabati la kufuli akatoa kitabu kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimechanika. Alisema nitakirudisha shule zikifunguliwa, nitapewa kingine.

Mama alikipokea akakipima uzito mkononi. "Hii inafundisha kufanya nini?"

"Haifundishi kufanya kitu, mama. Ni hadithi."

"Kitabu mzima? Ya hadithi tu?" Mama alimtazama mwalimu kwa wasiwasi. "Na serikali inajua?"

Alikifunga kwenye leso yake kama mtu abebaye mayai. Njia nzima ya kurudi nilitembea nyuma yake, mbali, ili atakayetupita asijue tuko pamoja.

Jumapili ile nilisoma tena jikoni. Nilisoma mpaka mbaazi zikaungua na hakuna aliyelalamika. Mwalimu Athumani alitimiza neno lake, kitabu kikafuata kitabu mpaka nikamaliza darasa la saba, nikapata nafasi ya sekondari, na baadaye chuo cha ualimu. Lakini nitakuwa mwongo nikisema fahari ilifuta aibu. Jina la Mkebe shuleni lilikufa baada ya siku ile, nami sikujiuliza limekwenda wapi. Lilikuwa limehamia kwa mama. Sokoni walimwita Mama Mkebe, akauza vyondo vyake kwa jina hilo, akaitika.

Miaka ya tisini, mama akiwa mgonjwa, nilikaa naye siku moja nikimmenyea chungwa, nikathubutu kumuuliza kama anaikumbuka siku ya wazazi. Nilidhani nitamweleza kwa upole, kama mtu mzima, kwamba watu hawakucheka kwa ubaya.

"Nilijua watacheka," alisema. "Yule mtoto wa jirani uliyesoma naye alinieleza yote. Ulifikiri mimi sijui kopo si kitabu?"

"Sasa mwaitu, mbona ulikwenda?"

"Walikuwa wanakucheka wewe." Akachukua kipande cha chungwa. "Mtu akipata kitu kikubwa cha kucheka, anaacha kile kidogo. Mimi nilikuwa mzee. Kicheko kingenifanya nini?"

 Nilimenya chungwa lote, nikamenya na lingine ambalo hakuna aliyelitaka. Nikakumbuka jinsi nilivyotembea nyuma yake siku ile, na kwamba hakugeuka kuniita.

Leo nyumbani kwangu kuna rafu mbili za vitabu, na majirani wakija huniambia, "Ama kweli wewe ni msomi." Vijana wetu wanavyo vitabu kuliko hivyo, vimo kwenye simu, mfukoni, havina kufuli. Lakini kila mmoja amejifungia na chake, vitu vimeziba masikio, na ukiuliza wanasoma nini wanakujibu, "Ni kitu tu." Sisi tulikuwa na uhaba, lakini hakuna neno lililoingia nyumbani lisipite kwa kila mtu.

Juzi nilimwomba mjukuu wangu anisomee kilichokuwa kikimchekesha. Alisoma mistari miwili kwa sauti ndogo, akanitazama kuona kama nitamcheka. Kisha akaona haya, akaifunika simu kwa kiganja. Nilitaka kumwambia aendelee, kwamba katika nyumba hii hakuna wa kumcheka. Lakini alishatoka nje, nami nikabaki nimeketi pale, mikono mitupu, nisijue hadithi iliishia wapi.