Mbele ya Greda

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutembea mbele ya greda. Watu wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu greda ina dereva na dereva ana macho. Lakini dereva amekaa juu, na barabara zetu za murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, zimeficha mambo. Chini ya barabara kuna kalavati, yale mabomba ya saruji yanayovusha maji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Misimu miwili ya mvua ikipita, mdomo wa kalavati unafunikwa na udongo na nyasi hata mwenye shamba la karibu anasahau ulipo. Bledi ya greda, lile kisu lake pana la kuparua udongo, ikiugonga, saruji inapasuka, na mvua inayofuata inakata barabara vipande viwili. Ndiyo maana lazima mtu atangulie kwa miguu, akidungadunga kando ya barabara kwa fimbo ya chuma. Akiupata mdomo anasimika kijiti chenye kitambaa cheupe, na dereva akikiona anainua bledi.

Tulikuwa wawili, mimi kushoto na mwenzangu kulia. Yeye alinikuta kazini. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba nyasi iliyo juu ya mdomo wa kalavati hubaki mbichi hata kiangazi, na kwamba ukidunga pasipo na kitu chuma kinazama, lakini juu ya saruji mkono unashtuka. Alijifunza haraka. Hilo nalisema leo. Wakati ule sikulisema.

Sikuwahi kupenda kukaa mahali pamoja, na kazi ile ilinifaa kama kiatu cha zamani. Kambi ilihama na barabara. Mwezi mmoja tuko Mau Narok, ngano pande zote na upepo unaopiga turubai kutwa nzima. Mwezi mwingine tuko upande wa Molo, baridi ya kufanya vidole vikatae kushika kikombe. Nilijua barabara kwa nyayo zangu. Mpaka sasa nikifumba macho naweza kutembea kutoka Elburgon hadi nyumbani kwetu nikikuonyesha kila kalavati.

Siasa ndiyo ilikuwa mboga yetu kambini. Mimi nilikuwa wa chama kilichoshinda, na nilikuwa wake kwelikweli, kofia, shati na kelele. Mwenzangu alikuwa wa kile kilichoshindwa. Babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, na nyumba yao yote haijawahi kupiga kura upande wetu tangu nipate akili. Kura zilipotangazwa nilimwambia, "Pole, boss. Miaka mitano utakula vumbi."

Akajibu, "Si vumbi tunakula sote? Mimi na wewe tuko mbele ya greda."

Kambi ikacheka. Mimi sikucheka.

Baadaye redio ikaanza kusema serikali inapunguza matumizi, na pesa za barabara zitapungua. Wengine waliingiwa na wasiwasi. Mimi nilisimama na kikombe changu cha chai kama niko jukwaani.

"Wakate! Maofisi yamejaa watu wa kukaa tu, waliowekwa na wale wa zamani. Wakate wote."

"Na ukikatwa wewe?" mwenzangu akauliza.

"Mimi ni wa ndani, bwana. Wewe jiangalie."

Niliamini hivyo. Nilidhani panga la serikali lingesoma kofia kabla ya kushuka.

Siku ya karatasi ya majina, ofisa wa barabara alikuja saa nne asubuhi. Hakushuka hata kwenye gari, alifungua dirisha tu. Vibarua tulikuwa sita, akasema bajeti inaruhusu mmoja. Akasoma jina moja, na lilikuwa la mwenzangu. Nilingoja asome tena, nikifikiri amekosea mstari. Alikunja karatasi akapandisha kioo. Mpishi wetu, ambaye naye alikuwa amefutwa dakika hiyohiyo, alinigeukia akacheka mpaka akashika mbavu.

"Si ulisema wakate, boss? Wamekata!"

Nilienda Nakuru kwenye ofisi ya chama nikiwa na kofia yangu. Nilikaa kwenye benchi siku mbili. Mtu niliyembeba mabegani siku ya ushindi alipita mbele yangu mara tatu, na mara ya tatu akanishika mkono, akasema tuvumilie, mambo yatakuwa sawa. Nilirudi kwa mama yangu, kwenye shamba la viazi upande wa Molo, nikiwa mtu wa miaka arobaini na kitu anayeulizwa na majirani kama amekuja likizo.

Hasira yangu kwa chama ilinitoka upesi kuliko nilivyotarajia. Wivu haukutoka. Nilikuwa nikilima nasikia injini mbali, na moyo unanipanda kabla sijajua ni trekta. Siku moja nilimwona mwenzangu Molo mjini, amevaa ile jaketi ya kazi ya kung'aa, ananunua vocha ya simu. Nilijificha nyuma ya lori la kabichi. Nilimwonea wivu matope yaliyokuwa kwenye gambuti zake. Niliwaambia watu kwamba amehama chama kisirisiri, kwamba kuna mtu alimsemea. Sikuwa na ushahidi wowote, lakini nilisimulia mara nyingi hadi nikaanza kutaja na mahali walipokutana.

Kisha greda ikaja barabara yetu.

Nilikuwa uani nikichagua mbegu za viazi. Safari hii nilijua ni yenyewe. Greda ina mngurumo wake, na inapogeuza bledi hulia kama mlango mzito. Nilienda hadi kwenye ua wa barabarani, nikasimama ndani ya majani, mahali ninapoona bila kuonekana sana. Mwenzangu alikuwa mbele peke yake, anahangaika pande mbili na kazi tuliyokuwa tukiifanya wawili. Anadunga kushoto, anavuka mbio, anadunga kulia, anarudi.

Pale kwetu, kabla ya kona, kuna kalavati. Mdomo wake uko ndani zaidi kuliko kawaida, kwa sababu mtaro ulichimbwa upya na ule wa zamani ukafukiwa. Asiyekulia pale hawezi kuujua. Mwenzangu alidunga mara tano au sita. Nusu hatua tu na angeupata. Akatazama nyuma, akaona greda inakaribia, akainua mkono: pita.

Nilijua kitakachotokea. Bledi ingepasua saruji, dereva angeandika ripoti, na mtu mmoja angeonekana hafai kazi. Ofisi ingehitaji mwingine, na hakuna mwingine aliyejua kazi ile kuliko mimi. Yote hayo niliyapanga kichwani greda ikija. Sikusema kitu. Ningependa kuandika kwamba nilisitasita. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Kilichonitoa sauti ni mtaro. Niliutazama nikakumbuka maji ya kalavati ile hutoka upande wa juu, na yakizibwa yataingia moja kwa moja kwenye viazi vya mama. Nikapiga kelele, "Simama! Inua! Inua!"

Dereva aliinua, lakini bledi ilikuwa imeshagusa. Tulisikia mkwaruzo. Kipande cha saruji ukubwa wa sahani kilibanduka mdomoni. Bomba lenyewe lilipona.

Dereva alizima injini, akashuka. Alikuwa mzee wetu wa kambi zote, mtu wa maneno machache. Alitazama saruji, akamtazama mwenzangu, halafu akaniona nikitoka kwenye majani na jani moja kichwani.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Umesimama hapo tangu saa ngapi?"

Mwenzangu alinitazama. Alikuwa ameniona kabla sijapiga kelele, nilijua hivyo machoni pake. Huenda aliniona tangu mwanzo na akaona haya kuniuliza.

"Amefika sasa hivi, mzee," mwenzangu akasema. "Nimemwona akikimbia kutoka kule chini."

Hata hapo akanishinda.

Mzee alisonya. "Basi wewe unayejua barabara ya kwenu, tangulia. Sitaki kugonga nyingine."

Nikatangulia. Mwenzangu alinipa chuma chake, akaenda kukata kijiti cha kudungia kwenye mti wa ua. Tulitembea kama zamani, mimi kushoto na yeye kulia, greda ikivuma nyuma yetu. Niliipata kalavati ya kwa mwalimu, ya kisimani, na ile ya karibu na kanisa. Mkono wangu haukuwa umesahau kitu.

Mwishowe nikamuuliza, "Ulihamia kwetu?"

"Kwenu wapi?"

"Chama."

Alicheka. "Mama yangu angenifukuza nyumbani. Niko palepale."

"Basi nani alikusemea?"

"Hakuna. Nilimuuliza ofisa siku moja. Akaniambia jina langu lilikuwa la kwanza kwenye karatasi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, boss."

Afadhali angeniambia alihonga. Uongo wangu wote wa miezi ile ulikuwa na mtu ndani yake, mtu wa kuchukiwa, na sasa hakukuwa na mtu. Kulikuwa na karatasi tu.

"Hata mimi sijui nitafika wapi," akasema baada ya hatua chache. "Wanasema bajeti ya Juni itakuwa mbaya zaidi. Silali vizuri."

Nilipaswa kumwonea huruma. Nilimwonea wivu hofu yake. Alikuwa bado na kitu cha kuogopa kukipoteza.

Barabara yetu iliisha kwenye lami. Mzee alinipungia mkono kutoka juu bila kushuka. Mwenzangu alinishika mkono, akachukua chuma chake, akapanda kando ya dereva, pale ambapo zamani hatukuruhusiwa kukaa. "Kesho tunaanza Mau Narok," akasema kwa sauti kubwa kuishinda injini. Kisha wakaenda.

Nilirudi kwa miguu kwenye barabara iliyolainika. Jirani yetu mmoja, mama anayepeleka maziwa asubuhi na jioni, alikuwa amesimama kwenye lango lake anaitazama barabara kama nguo mpya.

"Asante kutuletea greda! Nimekuona mbele yao. Wamekurudisha?"

Ningeweza kumwambia ukweli, ulikuwa neno moja.

"Ndiyo, mathe," nikasema. "Wamenirudisha."

Nilizungukazunguka hadi jioni, na habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa ameshaosha gambuti zangu na kuziegemeza ukutani zikauke. Aliimba akipika, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu nirudi, nami nikakaa kwenye kiti nikila, nikashindwa kufungua mdomo kwa jambo lingine lolote.

Asubuhi alinifungia viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. "Uwasalimu wenzako," akasema. Nilitoka langoni kama mtu anayeenda kazini, nikashika barabara mpaka kwenye lami, na hapo, bila kujua niende wapi, nikapanda gari la kwanza lililosimama. Lilikuwa linaenda Nakuru. Sasa niko mtaa wa Kaptembwo, hukohuko Nakuru, nachanganya saruji kwa mikono siku inapopatikana kazi, na mama akipiga simu huniuliza barabara ya Mau Narok imefika wapi. Humwambia tunaendelea vizuri.